Kamera ya Kwenda Nayo Ugalla

Katika mji wa Urambo, si mbali na stesheni ya reli iendayo Kigoma, yupo mpiga picha ambaye kwa miaka mingi amewapiga wakazi picha za vitambulisho, za harusi na za mahafali. Mkewe ni mshonaji. Wawili hao walikuwa wakiweka akiba ya kununulia mabati ya kuezekea nyumba yao. Akiba ilipokaribia kutimia, mume akaja na shauri jingine: inunuliwe kamera ya kupigia wanyamapori, naye atengeneze kalenda na kadi za kuuza Tabora na Dar es Salaam.

"Baba watoto," mkewe alimwambia mbele ya mwandishi huyu, "tembo hawatatuezekea nyumba. Tueleze kwanza hiyo kamera ni ipi, na kwa nini iwe hiyo."

Swali la mama huyo lilistahili jibu, na jibu lake halipatikani kwa urahisi mbele ya kabati la dukani.

Wanyama wenyewe hawako mbali. Kusini mwa Urambo unapita mto Ugalla, ambao pori lake la akiba lilipandishwa hadhi mwaka 2019 kuwa hifadhi ya taifa. Kiangazi mto hukatika ukabaki madimbwi, na viboko na mamba husongamana humo. Palahala na nyamera huja kunywa, na furukombe hukaa juu ya miti akivizia samaki. Upande wa magharibi na kaskazini yameenea maeneo oevu ya Malagarasi-Muyovozi, yaliyoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu kwa dunia nzima. Huko anaishi yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mfano wa kiatu, ambaye watu husafiri kutoka ng'ambo kumtafuta.

Zamani kazi ya namna hii ilihitaji msafara. Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyewapiga picha wanyama wa nyika za kaskazini mwanzoni mwa karne ya 20, alibebewa na wapagazi mabamba ya vioo na unga wa kuwasha mwanga usiku. Leo mzigo wote huo waweza kuning'inia begani mwa mtu mmoja, na hapana shaka sababu mojawapo ni kamera zisizo na kioo cha ndani. Kamera ya zamani ilikuwa na kioo kilichorusha taswira kwenye tundu la kutazamia, nacho kiliruka kwa mlio kila picha ilipopigwa. Katika hizi mpya kioo kimeondolewa. Mpigaji hutazama kiwambo kidogo cha umeme, na akitaka hupiga kimya kabisa, jambo lenye faida mbele ya mnyama mwenye masikio makali.

Sasa tuje kwenye ukubwa wa kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga mahali pa filamu. Kihisi kikubwa kina vipimo vya filamu ya zamani, milimita 36 kwa 24. Kidogo kina takriban milimita 23.5 kwa 15.6, na cha Canon hupungua kidogo zaidi. Wauzaji hupenda kusema kwamba kihisi kidogo "humvuta mnyama karibu". Usemi huo una kasoro. Kihisi kidogo hakivuti kitu. Hukata kingo za taswira na kubakiza katikati, hivyo lenzi ya milimita 400 kwenye kamera ya Canon yenye kihisi kidogo huona eneo ambalo lenzi ya 640 ingeliona kwenye kihisi kikubwa. Faida yake ya kweli ni kwamba nukta nyingi za picha humwangukia mnyama mwenyewe, kwa fedha kidogo na mzigo mwepesi. Gharama yake huonekana alfajiri chini ya miyombo: mwanga ukipungua, picha huingia chengachenga mapema kuliko za kihisi kikubwa.

Mwandishi huyu alijifunza kwa hasara kwamba lenzi huchaguliwa kwanza. Aliwahi kununua kamera kubwa kwa fedha zote alizokuwa nazo, akabaki na lenzi fupi ya milimita 50. Kule mtoni palahala dume akasimama ng'ambo, pembe zimepinda nyuma, akatulia kana kwamba ameitwa kwa kazi hiyo. Katika picha alitoka doa jeusi chini ya mninga.

Tukakaa basi kwenye meza ya mshonaji, tukapiga hesabu kwa bei zilizotangazwa Marekani bidhaa hizo zilipotoka, kabla ya usafiri na ushuru. Canon R7 ya mwaka 2022 ilianza kwa dola 1,499, na ndugu yake mdogo R10 kwa dola 979. Lenzi ya Canon ya milimita 100 hadi 400 ilianza kwa dola 649, nayo ina gramu 635 tu. Nikon Z50II ya mwaka 2024 ilianza kwa dola 909, lakini lenzi yake ya 180 hadi 600 ina karibu kilo mbili na bei yake ilikaribia dola 1,700. Fujifilm X-H2S, ambayo kihisi chake husoma taswira kwa kasi kubwa hata mabawa ya ndege hayapindi, ilianza kwa dola 2,499 bila lenzi. Hiyo tukaiacha mara moja.

Ikabaki R7 na R10. R7 imezibwa vizuri zaidi dhidi ya vumbi, ina nafasi mbili za kadi, betri kubwa, na kihisi chake hutulizwa mkono ukitetemeka. Hata hivyo, ukipiga kimya kimya, ndege arukaye huweza kutoka na mabawa yaliyopinda. R10 haina vitulizo hivyo, ila lenzi tuliyoichagua ina chake. Zote mbili hutambua jicho la mnyama na kulifuata, ingawa nyasi ndefu huzichanganya.

"Na vumbi?" mama aliuliza. Tulikubaliana juu ya khanga ya kufunikia na kutobadili lenzi njiani. "Na umeme porini?" Betri za R10 ni ndogo, kwa hiyo tatu ziliongezwa kwenye hesabu. Jua la mchana halikuhitaji kifaa: saa sita hewa hucheza juu ya ardhi ya moto, na hakuna lenzi ndefu iwezayo kuondoa mtetemo huo. Saa hizo mpiga picha hulala.

Mama alichukua chaki ya kuchoria nguo, akajumlisha R10 na lenzi yake: dola 1,628. Kwa R7 ingekuwa 2,148. Akapigia mstari ile ya kwanza. Fedha iliyobaki itaezeka chumba cha watoto na jiko, sebule itangoja.

Safari ya kwanza wamepanga kuifanya mwezi wa Agosti. Mama amesema naye atakwenda, akawaone mwenyewe hao tembo waliokula mabati yake.