Mke Mgeni katika Boma la Waxhosa

Waxhosa, ambao wengi wao hukaa katika jimbo la Eastern Cape nchini Afrika Kusini, husema lugha iliyo jamaa ya Kiswahili: mtu huitwa umntu, maji huitwa amanzi, na nyama huitwa inyama. Hata hivyo, mke aliyezaliwa mjini au katika kabila jingine, afikapo pamoja na watoto wake kijijini kwa mumewe, hukuta makatazo mengi ambayo kwa mtazamo wa kwanza hayana maana. Uchunguzi wa wataalamu waonyesha kwamba makatazo hayo yana utaratibu wake, na kwamba shabaha yake ni moja: kumgeuza mgeni awe mwenyeji.

Boma na sheria zake

Katika boma la desturi, nyumba za msonge huelekezwa kwenye zizi la ng'ombe. Zizi si la mifugo tu. Ndipo wanaume wakutanapo kwa shughuli za ukoo, na ndipo wahenga waombwapo. Kwa hiyo mkaza mwana haingii zizini, wala hakatizi uwanja ulio kati ya zizi na nyumba kubwa, bali huzunguka nyuma ya nyumba. Ndani ya nyumba, upande wa kulia wa aingiaye ni wa wanaume na wa kushoto ni wa wanawake.

Mke mpya hupewa jina jipya, aghalabu lianzalo na No-. Hanywi maziwa ya boma hilo mpaka mbuzi achinjwe, naye alishwe nyama na maziwa ya mgando mbele ya jamaa. Maziwa hutoka kwa ng'ombe wa ukoo. Kuyanywa ni kukubaliwa ndani ya ukoo. Watoto nao hujulishwa kwa wahenga kwa kuchinjiwa mbuzi, nao hufundishwa jina la ukoo wao. Nelson Mandela, kwa mfano, aliitwa Madiba, ambalo ni jina la ukoo wake. Ni lazima watoto walijue mapema, kwa maana watu wa ukoo mmoja hawaoani.

Lugha ya heshima

Jambo gumu kuliko yote ni hlonipha, yaani kustahi. Mke hakatazwi tu kutamka jina la baba mkwe na la wazee wengine wa mumewe, hata waliokwisha kufa. Huepuka pia silabi za majina hayo popote zitokeapo. Tuseme baba mkwe anaitwa Themba. Sheria ikifuatwa barabara, mke hawezi kusema ithemba, yaani tumaini, wala hamba, yaani enda, kwa kuwa neno hilo lina silabi mba.

Afanyeje basi? Rosalie Finlayson, mwanaisimu aliyeichunguza lugha hii tangu miaka ya 1970, alieleza njia kadhaa. Mke hubadili konsonanti au huiacha, hutumia neno jingine lenye maana ileile, huunda jina kutokana na kitenzi, au huazima neno la kigeni. Mama mkwe na mawifi ndio walimu wake.

Desturi hii yamkini iliigeuza lugha yenyewe. Kixhosa kina sauti za kidoko, ambazo asili yake ni lugha za Wakhoikhoi na Wasan, majirani walioingiliana na Waxhosa kwa ndoa. Katika Tanzania, sauti za namna hiyo husikika kwa Wahadza na Wasandawe. Mwaka 1990 mwanaisimu Robert Herbert alitoa hoja kwamba wanawake walikiona kidoko kuwa badala nzuri ya sauti iliyokatazwa. Watoto, ambao hujifunza kusema kwa mama zao, waliyapokea maneno hayo kuwa ya kawaida.

Mzigo wa nani?

Wala desturi hii si ya Waxhosa peke yao. Monica Wilson, mtaalamu aliyezaliwa Eastern Cape, aliwachunguza Wanyakyusa wa Tanganyika katika miaka ya 1930, akaona kwamba huko pia mke humwepuka baba mkwe. Hata hivyo yafaa kutambua kwamba mzigo haulingani. Mume hasumbuliwi na kila silabi aitamkayo, bali mke hupimwa kila asemapo.

Sheria ya ndoa za kimila ya Afrika Kusini, iliyotungwa mwaka 1998 na kuanza kutumika mwaka 2000, humpa mke hadhi sawa na mumewe. Sheria hiyo haikuifuta hlonipha, wala si kazi yake kuhukumu nani apite wapi uwanjani. Katika familia nyingi za leo desturi hii imelegea, na wake wengine hutosheka na kuacha kutaja majina ya wakwe. Heshima kwa wazee yaweza kudumu hivyo. Linalobaki kujadiliwa katika kila boma ni iwapo mgeni ndiye pekee apaswaye kujifunza, au wenyeji nao wana la kujifunza kwake.