Mtambo Ukichemsha Handeni, Usikimbilie Kulilaumu Jua

Ifikapo Januari, maopereta wa greda, katapila na matrekta kuzunguka Chanika, mjini Handeni, huwa na kauli moja: mtambo umechemsha, jua kali. Lakini mingi ya mitambo hii imeundwa kuhimili joto la nyuzi 40 na zaidi, ambalo Handeni si la kawaida. Jua huongeza tu mzigo kwa mtambo ambao tayari umeshindwa kupumua.

Dizeli inapoungua, takribani theluthi moja tu ya nguvu yake hufanya kazi. Kubwa linalobaki ni joto, na sehemu yake nzito hubebwa na maji ya rejeta. Vumbi la barabarani, manyasi au nyuzi za mkonge huko Korogwe zikiziba mapezi ya rejeta, joto hilo halina pa kutokea. Kwenye mitambo mingi, rejeta na kipoza oili ya haidroliki vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, na uchafu hujazana katikati huku mbele pakionekana safi. Puliza kwa upepo wa kompresa kila jioni, kinyume na njia ya feni, bila kupinda mapezi.

Kinachonisikitisha zaidi ni maji. Handeni ina kiu ya miaka mingi. Mradi wa maji wa HTM huyavuta kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe. Yakikosekana, opereta huchota ya lambo na kuyatia kwenye rejeta. Tope huziba mirija, na chumvi hujenga ukoko kama wa ndani ya birika, unaozuia joto kutoka kwenye chuma. Weka kulanti, yaani kipozeo cha injini, na maji yasiyo na chumvi, nusu kwa nusu. Dharura ikikubana, maji safi ya mvua ni nafuu kuliko ya lambo.

Mfuniko wa rejeta nao si kizibo tu. Wenye presha ya bar 1 huyafanya maji yachemke karibu nyuzi 120 badala ya 100. Ukiufungua kungali moto, maji hayo hugeuka mvuke papo hapo na kukuunguza uso.

Geji ya joto ikipanda, ondoa mzigo, iache injini iungurume taratibu dakika chache. Isiposhuka, au maji yakiwa yameisha, zima. Usimwagie maji baridi, hedi itapasuka.

Wenye mitambo, dumu la kulanti ni rahisi kuliko hedi mpya. Mpeni opereta dumu hilo kabla hajaingia porini.