Kabla ya kumsemea, msikilize



Katika Injili ya Yohana sura ya 7, wakuu wa makuhani na Mafarisayo walikuwa wameshamhukumu Yesu mioyoni mwao. Nikodemo, mmoja wao, akawakumbusha kwamba hata sheria yao haikuruhusu kumtia mtu hatiani bila kwanza kumpa nafasi ya kusema. Walimkejeli. Lakini alikuwa amegusa msingi wa haki: mtu asikilizwe.

Nimeliona jambo hilo katika kesi moja ya zamani. Agosti 1839, merikebu iitwayo Amistad ilikamatwa karibu na Long Island, Marekani. Ndani yake walikuwamo Waafrika waliotekwa katika nchi ambayo leo ni Sierra Leone, wakavushwa bahari na kuuzwa Havana, Cuba. Walipokuwa wakisafirishwa kwenda mashambani, waliinuka usiku wakiongozwa na Sengbe Pieh, wakamuua nahodha na mpishi, wakaitwaa merikebu ili warudi kwao. Sasa walikuwa gerezani New Haven, Connecticut. Hispania iliwadai, na serikali ya Rais Martin Van Buren ilitaka warudishwe.

Aliyesimama kuwatetea katika mahakama ya shirikisho alikuwa Roger Sherman Baldwin, wakili wa palepale New Haven, pamoja na mawakili wawili wa New York. Kamati ya Wakristo watatu, mfanyabiashara Lewis Tappan, Mchungaji Simeon Jocelyn na Joshua Leavitt, ilichangisha fedha za kesi.

Lakini wakili atamteteaje mteja ambaye hawaelewani hata neno moja? Hapo ndipo alipojitokeza Josiah Gibbs, profesa wa lugha wa Yale. Alikwenda gerezani, akajifunza kwa wafungwa kuhesabu moja hadi kumi kwa lugha yao. Kisha akaenda bandarini New York, akitembea kati ya mabaharia huku akihesabu kwa sauti, hadi akampata kijana aliyeielewa lugha hiyo, Kimende. Jina lake James Covey, naye aliwahi kuwa mtumwa kabla ya kuokolewa na Waingereza.

Siku Covey alipoingia gerezani, wafungwa walishangilia. Kwa mara ya kwanza walisikilizwa. Na hapo utetezi ukapata nguvu. Hati za wanunuzi zilidai kwamba watu hao ni watumwa wa Cuba wa siku nyingi, na zikawapa majina ya Kihispania. Ingekuwaje hivyo, wakati hawakujua Kihispania? Walikuwa wametoka Afrika juzijuzi, na sheria ya Hispania yenyewe ilikuwa imeshapiga marufuku biashara hiyo.

Januari 1840, huku meli ya serikali ikisubiri bandarini iwachukue kwenda Cuba mara wakishindwa, Jaji Andrew Judson aliamua kwamba walizaliwa huru. Huyu ni mtu aliyewahi kuongoza upinzani dhidi ya shule ya wasichana weusi. Serikali ilikata rufaa. Katika Mahakama ya Juu, Baldwin alisimama pamoja na rais mstaafu John Quincy Adams, mzee wa miaka 73. Machi 9, 1841, mahakama iliwaachia huru. Novemba mwaka huo, 35 waliobaki hai walianza safari ya kurudi Afrika.

Ndugu yangu, sote tunajua kwamba Mithali 31 inatuagiza kuwasemea wasioweza kujisemea. Tatizo letu ni kwamba twapenda kusema kabla ya kusikia. Tunamwombea mjane hadharani bila kumuuliza shida yake. Wazee wa kanisa wanakaa kikao kuhusu binti aliyekosa, naye yuko nje ya mlango. Bwana Yesu hakufanya hivyo. Kila mtu aliona kwamba Bartimayo ni kipofu, lakini Yesu alimuuliza kwanza anataka afanyiwe nini (Marko 10).

Hapa Tanzania, sheria iliyopitishwa mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Ni jambo la kumshukuru Mungu, maana mtu ana haki ya kuielewa kesi inayoamua maisha yake. Lakini wapo mahabusu wasiotembelewa na mtu. Si kila mmoja wetu ni wakili kama Baldwin. Hata hivyo, profesa yule alianza kwa kujifunza kuhesabu hadi kumi tu. Wiki hii, mtafute mtu mmoja ambaye watu wameshamhukumu. Keti naye. Msikilize mpaka amalize, ndipo ukamsemee.