Kwa Nini Sauti ya Kompyuta Hutatarika

Kompyuta ya nyumbani inapocheza muziki au somo lililorekodiwa, pengine sauti huanza kutatarika kama mafuta katika kikaango. Watu wengi hulaumu spika, wakanunua nyingine, na kelele ikabaki pale pale. Fedha hupotea kwa sababu safari ya sauti ndani ya mashine haikueleweka.

Ndani ya kompyuta sauti si wimbi, bali ni mfululizo wa namba. Kwa kiwango kinachotumika katika diski za CD, kila sekunde huwa na vipimo 44,100, na kila kipimo ni namba moja kati ya 65,536. Kigeuzi huzipokea namba hizo na kuzifanya mkondo wa umeme unaopanda na kushuka, nao hutikisa kiwambo cha spika. Kigeuzi hakisubiri, namba sharti zifike kwa wakati. Kichakataji, kwa upande wake, hufanya kazi nyingi kwa zamu. Kwa hiyo namba hutangulizwa katika akiba, mfano wa mtungi unaojazwa kwa ndoo ilhali maji yanatoka chini bila kukoma. Akiba ya vipimo 441 hutosha sehemu moja ya mia ya sekunde tu. Kichakataji kikichelewa zaidi ya hapo, mtungi hukauka na wimbi hukatika. Ajabu ni kwamba sikio halisikii kimya hicho kifupi, bali husikia mpasuko, kwani badiliko la ghafla la mgandamizo wa hewa hubeba masafa mengi kwa pamoja, ya juu na ya chini, kama ulivyo mlio wa kofi.

Tiba yake ni kuongeza akiba katika mipangilio ya sauti, kufunga programu zisizohitajika, na kuweka toleo jipya la programu inayoendesha kadi ya sauti. Akiba kubwa huchelewesha sauti. Msikilizaji wa kawaida hatambui, lakini mpiga kinanda anayetumia kompyuta kama ala ataona kidole kimeitangulia sauti.

Hata hivyo, kabla ya kugusa mipangilio yafaa kubainisha chanzo, na jaribio hili laweza kufanywa darasani. Plagi ya spika ikizungushwa taratibu na mlio ukabadilika, kasoro imo katika mguso wa metali wenye kutu au vumbi, au katika waya uliokatika ndani. Mlio ukirudi mahali pale pale pa wimbo, hata katika mashine nyingine, umo katika rekodi yenyewe. Ukizuka kwenye sauti kubwa pekee, huenda namba zimefika kikomo chake na vilele vya wimbi vimekatwa; hapo hupunguzwa sauti ndani ya programu. Mngurumo mzito usiokoma ni jambo jingine kabisa: mara nyingi hutoka katika umeme wa nyumba, ambao nchini Tanzania na Kenya hubadilika kwa mizunguko 50 kila sekunde. Mpasuko unaozidi pale kompyuta inapolemewa na kazi, na kupungua inapopumzika, ndio hasa wa akiba iliyokauka.