Eropleni Iliyokaa Angani Siku 67

Watu wengi wakisikia habari za kujaribiwa kwa eropleni mpya hudhani ya kuwa mambo hayo ni ya Ulaya na Amerika tu. Sivyo. Tarehe 20 Februari 2025 eropleni ya majaribio, jina lake Zephyr, ilirushwa kutoka Laikipia nchini Kenya, wala haikushuka mpaka tarehe 28 Aprili. Ilikuwa imekaa angani siku 67, saa 6 na dakika 52, muda ambao hakuna eropleni nyingine iliyopata kuufikia kabla yake.

Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kuwa uwanja wa majaribio. Mwaka 1950 Waingereza walileta Nairobi eropleni yao mpya iitwayo Comet, wapate kuona itaondokaje ardhini mahali palipo juu, penye hewa nyepesi. Miaka miwili baadaye Comet zilikuwa zikitua Entebbe na abiria, katika safari za kutoka London kwenda Johannesburg.

Zephyr, iliyo mali ya kampuni ya AALTO ya jamii ya Airbus, ni chombo cha namna nyingine kabisa. Haina rubani ndani yake, wala haina magurudumu. Mabawa yake, toka ncha hata ncha, ni mita 25, yaani kama mabasi makubwa mawili yaliyopangwa moja nyuma ya jingine. Lakini uzito wake wote, kilo 75 hivi, haufiki gunia la mahindi la kilo 90. Watu huinyanyua kwa mikono, wakakimbia nayo, kisha wakaiachilia ikapaa polepole.

Hapo ndipo penye hatari kubwa. Kitu chepesi namna hiyo hakiwezi kushindana na hewa iliyochafuka. Mwaka 2019, huko Wyndham katika Australia, Zephyr moja ilivunjika ingali hewani. Lakini ikiisha kupita mawingu, ikafika futi 60,000 na zaidi, mvua na radi hubaki chini yake. Eropleni za abiria huruka kwa kawaida kati ya futi 30,000 na 40,000 tu.

Huko juu adui hubaki mmoja, nao ni usiku. Mchana paneli za sola zilizotandazwa juu ya mabawa huzungusha propela zake mbili, na wakati huo huo hujaza betri. Jua likizama, betri peke yake ndiyo itakayoishikilia eropleni angani hata alfajiri. Katika nchi za ikweta usiku ni saa 12 hivi mwaka mzima, hali Arizona, Marekani, ambako Zephyr nyingine iliruka mwezi wa Juni 2022 na kukaa angani siku 64, usiku wa majira hayo ni kama saa 10. Betri ikiwa nzito mno, eropleni haipandi. Ikiwa ndogo mno, haioni asubuhi. Basi safari ya siku 67 ni mtihani mmoja uliorudiwa kila usiku, na kushindwa usiku mmoja tu kungetosha kuimaliza.

(Kabla ya hapo sifa ya kukaa angani kwa eropleni walikuwa nayo Wamarekani wawili, Robert Timm na John Cook, walioruka juu ya Las Vegas siku 64 na zaidi, kuanzia Desemba 1958 hadi Februari 1959. Walivuta petroli kwa mpira kutoka kwenye lori lililokwenda mbio chini yao.)

Jambo hili lawahusuje watu wa Osieko, kando ya Ziwa Victoria? Kusudi la Zephyr ni kubeba mitambo ya simu, iwe kama mnara uliosimamishwa mbinguni, simu ya kawaida ipate kuzungumza nayo moja kwa moja. Watu wa mpakani, toka ziwani hata Busia na Malaba, wajua jinsi simu inavyoacha mtandao wa Kenya ikashika wa Uganda. Na mvuvi wa omena aliye mbali majini usiku, wingu likianza kumulika, ana haja ya kuwaita wa nchi kavu kuliko mtu yeyote aliye mjini.

Lakini wakazi wa magharibi ya Kenya wamekwisha kuahidiwa mtandao wa angani. Mwezi wa Julai 2020 kampuni ya Loon, pamoja na Telkom Kenya, ilianza kutoa mtandao kwa baluni kama 35, juu ya eneo la kilomita za mraba karibu 50,000, Kisumu na Kakamega zikiwamo. Kwa habari ya kuruka, baluni hizo zilifaulu sana. Moja ilikaa angani siku 312. Hata hivyo mwezi wa Januari 2021 wenyewe walitangaza kwamba wanaifunga kazi hiyo, kwa kuwa gharama hazikushuka kiasi cha kuiwezesha kujilipa.

Safari ya Laikipia ilijibu swali la betri. Swali la bei, lililowashinda wenye baluni, haikulijibu, maana Zephyr ile haikuwa na mteja hata mmoja wa kulipia simu.