Mkuu wa Majeshi Aliyeanzia Keya

Ndugu msomaji, ukiwa Nyakanazi uko njia panda. Ukishika njia ya kaskazini utapita Biharamulo, Muleba na Bukoba. Kisha utavuka mto Kagera pale Kyaka. Mwisho utafika Mutukula, mpakani na Uganda. Kulikuwa na mzee mmoja, askari wake walimwita Jenerali Mutukula. Jina lake hasa lilikuwa David Musuguri.

ASKARI WA KAWAIDA

Musuguri alizaliwa Butiama, Mara, mwaka 1920. Mwaka 1942 alijiunga na jeshi la Waingereza. Watu waliliita Keya. Katika Keya, Mwafrika alibeba bunduki, lakini maofisa walikuwa Wazungu. Musuguri alipanda cheo polepole, akawa sajini.

Mwaka 1947 alikuwa mwalimu wa askari huko Kahawa, Kenya. Kati ya askari aliowafundisha alikuwamo kijana mmoja wa Uganda. Kijana huyo aliitwa Idi Amin.

VITA VYA KAGERA

Mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalivamia nchi yetu. Yaliua watu, yakaiba ng'ombe, yakavunja daraja la Kyaka. Tanzania iliamua kupigana. Mwaka 1979 Musuguri, akiwa Meja Jenerali, aliongoza Divisheni ya 20 ndani ya Uganda. Sasa mwalimu alikuwa anapigana na mwanafunzi wake.

JICHO LA JESHI

Je, jemadari hushinda kwa bunduki tu? Hapana. Kwanza hutafuta habari. Adui yuko wapi? Ana watu wangapi? Ana silaha gani? Njia ya kumzunguka ni ipi? Jeshi lisilo na habari ni kama mtu anayetembea gizani.

Tazama yaliyotokea Lukaya. Tarehe 10 Machi 1979, Brigedi ya 201 ilishambuliwa na askari wa Libya waliokuja kumsaidia Amin. Makombora yao yalipita juu ya vichwa, hayakuua wengi. Lakini mlio wake ulikuwa wa kutisha. Wengi katika brigedi hiyo walikuwa mgambo, hawajawahi kuusikia. Wakarudi nyuma.

Musuguri hakukata tamaa. Alijua brigedi nyingine, ya 208, iko wapi. Aliiamuru izunguke mpaka barabara ya Kampala, nyuma ya adui. Alfajiri ya tarehe 11, adui alipigwa mbele na nyuma. Akashindwa. Tarehe 11 Aprili, Kampala ilitekwa, na Amin akakimbia.

Mwaka huohuo mkoa wetu, ulioitwa Ziwa Magharibi, ulipewa jina la Kagera.

KUTOKA CHINI MPAKA JUU

Mwaka 1980 Musuguri alifanywa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi. Alistaafu mwaka 1988, akarudi Butiama. Alifariki Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 104. Yule aliyeanza bila cheo aliongoza jeshi zima la nchi huru.

Ndugu msomaji, ushindi ule haukuwa wa jenerali peke yake. Vijana wengi wa vijijini walikwenda, na wengine hawakurudi. Je, kijijini kwako yuko mzee aliyekuwa mgambo mwaka 1978? Mtembelee. Muulize alipita wapi, na alikuwa na nani. Chukua daftari, uandike anayosema. Umejua kuandika. Usiache habari zake zipotee.