MTO UNAOSHUKA KUTOKA MLIMANI

Wamama wa Uvira, tunakaa mahali pembamba. Nyuma yetu ni milima ya Mitumba, mbele ni ziwa Tanganyika, na katikati inapita mito: Mulongwe, Kalimabenge, Kavimvira. Wakati wa kiangazi hata mtoto anaivuka kwa miguu. Lakini mvua kubwa ikinyesha kule juu, mto unashuka na mawe na magogo.

Hatujasahau Aprili 2020. Mulongwe ulifurika, makumi ya watu wakafa, maelfu ya nyumba zikaharibika. Hata mabomba ya REGIDESO, ambayo maji yake yanatoka Mulongwe, yaliharibika. Ndiyo maana sisi wa kliniki tunasema habari ya mto: maji safi yakikosekana, kipindupindu na kuhara vinaingia, na mtoto mdogo ndiye anayekauka wa kwanza.

Kwa nini mto unakuja na nguvu hivi?

Jaribu nyumbani. Twaa sahani mbili za zamani. Moja uitie udongo mtupu, ingine udongo wenye majani na mizizi yake. Ziinamishe, kisha mwaga kikombe cha maji juu ya kila moja. Penye udongo mtupu maji yanashuka mbio, mekundu. Penye majani yanakawia, na mengine yanabaki ndani.

Mlima ni vilevile. Majani yanavunja nguvu ya mvua, mizizi inashika udongo na kufungulia maji njia ya kuingia chini. Tukikata miti yote kwa makala, tukichoma majani kila kiangazi, maji yanafika mtoni yote kwa mara moja. Udongo nao unajaza mto, mto unakosa njia, unaingia nyumbani.

Basi tufanye nini?

1. Mwenye shamba mlimani, mistari yake ikate mlima, isishuke nao. Achimbe mitaro ya kuzuia maji, na kandokando apande matete. Mbuzi watakula pia.

2. Hapana kuchoma mlima. Vichaka vikiachwa, vinaota vyenyewe.

3. Kando ya mto tupande mianzi na matete. Hapana kulima pale ukingoni, wala kutupa takataka mtoni.

4. Matete ya bonde la Rusizi tuyaache. Bwawa linapokea maji mengi na kuyatoa polepole.

Mama mmoja atasema: «Mimi sina shamba mlimani.» Kweli, lakini makala yako yanatoka wapi? Mbabula ya udongo inayotunza moto inapunguza makala, na kila gunia lisilonunuliwa ni miti iliyobaki.

Lakini tusidanganyane. Miti inataka miaka kukua, na haizuii kila mafuriko. Mvua ikinguruma mlimani usiku, usingoje kuona maji mlangoni. Beba watoto, uende mahali pa juu, mbali na mto. Na ziwa likipanda, kama mwaka 2024, mianzi haitalizuia. Hapo ni kuhama tu.

Baada ya mafuriko, chemsha maji ya kunywa. Mtoto akihara, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mpe kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha, na umlete kwetu siku ileile. Usingoje kesho.